Jina la Atakayekaimu

"Mia moja kumi na mbili," nilisoma.

Sharifa, akiwa amesimama juu ya stuli, alilipokea jalada, akalipiga kofi kutoa vumbi, akalipanga kwenye rafu mpya ya chuma. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, na majalada yote ya wakulima wa ushirika wetu, zaidi ya mia tatu, yalitakiwa kuhamishwa kwa kufuata namba. Alikuwa ameianza kazi hiyo peke yake tangu Alhamisi.

"Mia moja kumi na tatu."

"Karani wako mpya mbona amelala?" alisema, akimtazama Hezroni mgongoni kwangu. "Siku ya kwanza kazini, tayari anasinzia kama wazee wa bodi."

Nilicheka kidogo. Masijala yetu ni chumba kimoja nyuma ya jengo, hapa Same mjini, na sisi wawili ndio makarani wake. Kwa siku themanini na nne za likizo yangu ya uzazi, Sharifa alifanya kazi yake na yangu.

"Unajua nilijuaje kwamba unarudi leo, mama Hezroni?"

"Ulijuaje, dada?"

"Makande. Ijumaa Loth wa gari la Noah kaniteremshia sufuria hapo mlangoni, bado la moto. Nikamwambia mama nyumbani, basi, mwenzangu anarudi. Si ndivyo mnavyofanya nyinyi watu wa milimani?"

Ndivyo tunavyofanya. Kwetu Usangi, watu wakikusaidia kuzibua mfereji au kupalilia shamba la mgonjwa, chakula cha kushiba hupikwa siku ya mwisho. Anayekula anajua kwamba sasa anaweza kuweka jembe chini. Sharifa ni mtu wa Hedaru, lakini amefanya kazi nasi miaka tisa. Hilo analijua.

Mimi sikuwa nimerudi. Nilikuwa nimekuja kuchukua fomu.

Nilikuwa na siku ishirini na nane za likizo ya mwaka ambazo sikuzigusa. Wiki mbili kabla likizo ya uzazi haijaisha, niliomba niziunganishe. Ni haki yangu, hakuna anayebisha. Hezroni alikuwa hajakubali kikombe wala kijiko. Akipewa maziwa niliyokamua anafunga mdomo, analia mpaka anakauka sauti. Nilijiambia, mwezi mmoja zaidi, atajifunza.

Chini ya fomu ile kuna sehemu inayouliza jina la atakayekaimu, na kama amekubali. Niliandika Sharifa. Kwenye kukubali nikaandika Ndiyo.

Nilikusudia kumpigia simu jioni ileile. Mtoto akawa na mafua. Kesho yake mtandao ulisumbua. Siku ya tatu sikuwa na sababu, lakini sikupiga. Ijumaa mama mkwe aliponiuliza, "Umeshaongea na mwenzako kuhusu kurudi, ili nimpikie?" nilijibu kwamba tumeongea. Akapika. Nami nikaliacha sufuria liondoke, nikijidanganya kwamba ni shukrani tu.

"Jumatano nampeleka mama hospitali Moshi," Sharifa aliendelea. "Lile jicho. Nimeahirisha mara mbili, safari hii nisipotokea wanampa mtu mwingine nafasi. Jana kamimina chai nje ya kikombe, anashangaa mbona hakijai. Bosi nitamwambia leo mchana, sasa si upo? Lete jalada, mbona umesimama?"

"Mia moja kumi na nne."

"Halafu sufuria lako lile pale, kwenye dirisha. Usilisahau."

Lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa. Nilifunua pembe moja. Alikuwa ameweka unga wa uji na mfuko wa pilipili manga iliyosagwa, ile ya kumtengenezea uji mama anayenyonyesha.

Bwana Benson, mkuu wetu, alichungulia mlangoni. "Eliwaza, njoo uchukue karatasi yako."

Nilimfuata ofisini kwake. Fomu ilikuwa mezani, imesainiwa na kugongwa muhuri.

"Mshukuru sana Sharifa," alisema. "Si kila mtu angekubali mara ya pili."

Nilisimama kwenye korido na ile karatasi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ningeweza kutoka, nipande gari la Mwanga, na saa nane niwe Usangi. Sharifa angeambiwa na Bwana Benson, si na mimi. Nilirudi masijala nikampa karatasi.

Aliisoma akiwa bado juu ya stuli, polepole, kama anavyosoma kila kitu.

"Hii Ndiyo ni mwandiko wako."

"Ni wangu."

"Mimi nilisema ndiyo lini?"

"Hukusema, dada."

Alishuka. "Nimekula makande yako, Eliwaza."

Asubuhi yote alikuwa ameniita mama Hezroni.

"Ungeniuliza ningekubali," alisema. "Ningelia, lakini ningekubali."

"Nilijua. Ndiyo maana sikuuliza. Sikutaka kukuona ukikubali."

Alinirudishia karatasi, akapanda tena kwenye stuli, akawa anayanyoosha majalada yaliyokuwa tayari yamenyooka.

Nilirudi kwa Bwana Benson nikamweleza kama ilivyokuwa, kwamba ile Ndiyo niliiandika bila kumuuliza mwenyewe. Nikaomba Sharifa aende kwanza, nami nianze siku zangu atakaporudi. Alivuta droo, akatoa fomu tupu.

"Jaza nyingine," alisema. "Na safari hii huo mstari mwachie mwenyewe aujaze. Ukumbuke pia una saa zako za kwenda kunyonyesha."

Kisha nilimpigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko njiani?"

Nilimweleza. Upande wa pili nilisikia kuku.

"Kwa hiyo nilimpikia mtu uongo," alisema. "Alhamisi ni zamu yangu ya maji ya mfereji, na maharage yanakauka. Nitamwomba jirani Asteria anifungulie yeye. Kesho nashuka na gari la kwanza, nije nikae na mtoto." Akakata kabla sijashukuru.

Hezroni aliamka. Nilimnyonyesha nikiwa nimekaa juu ya boksi la karatasi, nikawa namsomea Sharifa namba kutoka pale chini. Mia moja ishirini. Mia moja ishirini na moja. Jalada moja halikuwepo mahali pake, tukalitafuta wote wawili, tukalikuta nyuma ya rafu ya zamani, mchwa wamekula pembe.

Saa tisa na nusu tulikuwa tumefika mia moja arobaini na tatu. Sharifa alichana kipande cha karatasi, akakichomeka hapo.

"Kesho tunaanzia hapa," alisema. "Jumatano unaendelea mwenyewe."

"Sawa, dada."

Nilifunga kanga, nikachukua mkoba. Nililiacha sufuria dirishani. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Chukua sufuria la watu. Unga huo ni wa mtoto, yeye hakuandika chochote." Alizima taa. "Saa moja na nusu. Usichelewe."