Kaburi la Matombo

Mabaharia wawili walikuwa wanakwenda jela kwa sababu ya utani wa msibani, na Kamanda Hafidhi ndiye aliyetakiwa kutia saini taarifa ya kuwashtaki.

Alianza jeshini akinasa redio za wauza magendo baharini. Alifumbua namba zao za siri, akapanda cheo hadi kuongoza kitengo kizima cha ujasusi. Safari hii vijana wake walimnasa redioni baharia Rehani akimwambia mtani wake Abasi, aliyekuwa meli nyingine: "Mtani kalala kaburini. Hatoki mpaka mtoe kitu. Mkigoma, mzigo wenu tunautupa korongoni." Vijana wakaandika: kaburi ni ghala, mzigo ni silaha. Wawili wale wakawekwa ndani.

Hafidhi, Mluguru wa kuzaliwa, alicheka, kisha akapandwa na hasira. Kwao ukoo wa watani ndio unaochimba kaburi, na mtani hulala humo mpaka wafiwa wamkomboe; mzigo wa kutupwa korongoni ni maiti, kwa maneno tu. Akapanda milimani Matombo, kwao Abasi, kuhakikisha. Kaburi akalikuta, la mama yake Abasi, udongo bado mwekundu.

Mkubwa wake, Afande Geofrey, akamfuata huko huko na gari. Wakamkuta Bi Mwaisha, mtani mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Hafidhi akamwamkia.

"Marahaba. Ndiwe uliyemfunga mfiwa? Mle shimoni nililala mimi, wakanitoa kwa kuku. Nifunge basi! Ila kuku humpati, nimeshamla."

Geofrey akamvuta Hafidhi pembeni. "Taarifa imeshafika juu. Tukisema tumekosea tutachekwa nchi nzima. Tia saini, cheo chako kipya kinakuja."

"Tuchekwe. Sitii."

"Ni amri, Hafidhi."

"Amri ya kusema uongo mpe mwingine. Hapa hakuna fumbo, afande. Kuna marehemu na watani wake."

"Utajuta."

"Nitajutia nyumbani kwangu. Hao watajutia gerezani."

Akaandika taarifa nyingine, kwamba kitengo chake kimekosea na yeye ndiye mkuu wake. Akaipeleka mahakamani mwenyewe, kifua mbele, akaisoma kwa sauti. Mabaharia wakaachiwa.

Abasi alikuwa ameshaikosa arobaini ya mama yake. Rehani meli yake ilimwacha, ikachukua mtu mwingine. Hafidhi alinyang'anywa kitengo, cheo kilichokuwa njiani na nyumba ya kazini. Akaupoteza na urafiki wa Geofrey, aliyeanza naye kuvaa gwanda siku moja. Wale vijana aliowafundisha kazi, hakuna hata mmoja anayepokea simu yake.