Mshauri Aliyeacha Sauti Yake Marani

Bonareri alikuwa akiziba ufa wa tanuri kwa udongo na majivu mshauri alipopiga hodi. Tanuri lilikuwa nyuma ya duka lake dogo sokoni Marani, na lilipasuka pale mvua za masika zilipolowesha ukuta. Tangu hapo mikate ilitoka imeungua upande mmoja na mibichi upande wa pili. Alikuwa ameiomba serikali imsaidie kununua matofali. Lavender, msichana wa ofisi ya mradi wa serikali wa biashara ndogo mjini Kisii, alimjibu kwa upole.

"Mama, hii pesa ni ya kumlipa mtaalamu akushauri. Matofali hayamo."

"Basi mtaalamu aje," Bonareri alisema. "Labda atajua pa kuyapata."

Mtaalamu alikuwa Zachariah, kijana mwenye sauti nzito ya kupendeza, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Wasabato. Alilizunguka tanuri, akaweka kiganja juu ya ufa, akahisi moto ukipita kwenda nje.

"Mama, hili tanuri limekufa."

"Najua, mwanangu."

"Lakini mimi nimetumwa kuzungumza juu ya vifungashio na masoko."

"Zungumza tu. Umetoka mbali."

Alizungumza mpaka chai aliyowekewa ikapoa. Alipomaliza alimpa Bonareri mkono, akafungua mdomo kuaga, akaufunga, akaondoka. Sauti yake ilibaki.

Bonareri aliikuta asubuhi alipokuja kuwasha kuni. Ilikuwa juu, kati ya boriti na mabati, ikieleza kwamba mkate usio na jina hauna mteja. "Bwakire buya," akaiamkia, maana mgeni huamkiwa, kisha akaendelea kukanda unga. Watu wa soko nao waliizoea. Mvua ikinyesha waliingia kuisikiliza, na ikikatika walitoka bila kununua kitu, kwa sababu mikate ilikuwa imeungua.

Ijumaa Zachariah alirudi. Aliandika kwenye simu yake akamwonyesha Bonareri: nimekuja kuchukua sauti yangu.

"Iko hapo juu," Bonareri alisema. "Nilikuwa najiuliza unaishije bila hiyo."

Alimletea ngazi. Zachariah alipanda, akaachama katikati ya utando wa buibui. Sauti ilimpita karibu na meno, ikaendelea kueleza jinsi ya kuingia katika maduka makubwa ya Nairobi. Bonareri aligonga mabati kwa mpini wa ufagio, akaisihi kwa Ekegusii imfuate mwenyewe. Haikumfuata. Zachariah alishuka, akaketi juu ya gunia la unga, akalia. Kilio chake hakikutoa mlio. Kwa kuyaona mabega yake yakitikisika, Bonareri alijua kwamba analia, akayashika mpaka yakatulia.

Kisha Zachariah aliandika tena. Mke wake, Linda, alikuwa akifanya kazi za nyumbani Saudia. Akipiga simu siku hizi alisikia pumzi tu, akawa anadhani mumewe anamficha jambo. Na binti yao, Joyline, alikuwa anamuuliza baba yake kila siku amemkosea nini.

"Mlete," Bonareri alisema.

Alimleta Sabato, baada ya kanisa. Mtoto aliingia akiwa na gauni la shule ya Sabato, akasikia, akatazama juu.

"Baba."

Sauti ilinyamaza. Ilikuwa haijawahi kunyamaza tangu ibaki pale. Zachariah alishikilia ngazi kwa mikono yote miwili.

"Baba, sema jina langu."

Sauti ilisema kwamba jina zuri ni fupi, halisahauliki, na huandikwa upande wa mbele wa pakiti.

"Joyline," mtoto aliifundisha, taratibu, kama mtu anayefundisha kasuku. "Sema Joyline."

Sauti ilishauri wateja watafutwe katika shule na hospitali. Bonareri aligeukia tanuri, akawa anayakoroga majivu kwa muda mrefu, ingawa siku hiyo hakukuwa na moto.

Baadaye Lavender alikuja kukagua. Alisimama chini ya mabati, akasikiliza, akasema ni nadra kumpata mshauri anayejitolea hivi, kwa hiyo mradi ungeongezewa mwaka mwingine.

"Na huyu je?" Bonareri aliuliza, akimwonyesha Zachariah aliyeketi mlangoni. "Hamna kazi nyingine mnayoweza kumpa?"

"Hasemi, mama. Nitampeleka kwa nani?"

"Na matofali?"

"Mama, si tayari uko na mshauri?"

Hakusema kwa kejeli. Kabla ya kuondoka alinunua mikate miwili, akachagua ile iliyoungua zaidi ili Bonareri asibaki nayo.

Mvua za vuli zililiangusha tanuri. Bonareri sasa huamkia kuchuma chai katika mashamba ya watu, na Zachariah huchuma mistari michache ya michai mbali naye, kwa kuwa kazi ile haihitaji maneno. Jioni hupita dukani na mtoto. Joyline hujilaza juu ya magunia matupu, akiieleza sauti mambo ya siku: mwalimu alivyomsifu, jino linavyocheza, mama alivyoacha kupiga simu. Sauti humjibu kwamba bei isipandishwe ghafla, na kwamba mteja aliyekasirika atumiwe ujumbe wa shukrani.

"Sawa, baba," Joyline husema, na Zachariah, aliyesimama nje ya mlango, huitikia kwa kichwa.