Siku Sifuri, Mwezi Sifuri

Mwalimu Constant alinipa daftari na kazi ambayo hakuna mwingine darasani aliyeitaka: kuiangusha programu.

"Mama Clothilde, tia tarehe za ovyo," aliniambia. "Kila mahali inaanguka, andika."

Ilikuwa Februari 1988. Watu wazima saba tulikutana kila jioni saa kumi na mbili, baada ya kazi, katika ukumbi wa parokia karibu na mto, kujifunza kompyuta. Mashine ilikuwa moja tu. Programu tuliyoiandika ilipokea tarehe ya kuzaliwa, ikatoa kwa Kifaransa siku ya juma na tarehe ambayo mtu angetimiza miaka hamsini na mitano. Misheni ilitaka kuitumia kujua wafanyakazi wake watastaafu lini.

Nilisali kwanza, kama kawaida yangu. Kisha nikatia 31 Aprili. Ikakataa. 29 Februari ya mwaka huo ikakubali. 29 Februari 1900 ikakataa, nikadhani nimepata kosa, lakini Mwalimu akasema mashine iko na haki, mwaka ule haukuwa na siku hiyo. Nilishangaa sana. Sikujua kwamba mwaka unaweza kukosa siku ambayo kila mtu angeitazamia.

Odile, muuguzi, alitia tarehe yake akagundua alizaliwa Ijumaa. Tukampigia makofi. Mimi sikuwa na cha kutia. Kwenye kitambulisho changu imeandikwa *née vers 1936*, nilizaliwa karibu na mwaka ule, basi. Mama yangu alifariki Isangi nikiwa mdogo, na shangazi alikumbuka jambo moja tu, kwamba mto ulikuwa umejaa. Tangu nibatizwe nimemwomba Mungu anijulishe siku yangu, hata moja tu ya kumshukuru.

Ijumaa ya juma lile, wenzangu wakifunga madaftari, nikajiuliza mashine itafanya nini na mtu kama mimi. Nikatia siku sifuri, mwezi sifuri, mwaka 1936.

SAMEDI 30 NOVEMBRE 1935.

Jumamosi, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mvuvi. Na Novemba mto wetu hujaa! Sikuandika kitu katika daftari. Nilitembea hadi nyumbani nikiimba, na Jumapili nilitoa shukrani kanisani bila kumwambia mtu sababu.

Jumatatu Papa Eugène, seremala wa misheni, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Mama, tia na ya miye. Niko *vers* 1934."

Nilitaka kujua, kwa hiyo nikatia sifuri mbili na mwaka wake. JEUDI 30 NOVEMBRE 1933.

Jumamosi yangu na Alhamisi yake zilikuwa tarehe moja, nikamwambia.

"Na wewe iko hiyo? Alors tuko mapacha!" Akacheka mpaka alipousoma mstari wa chini: kustaafu, 30 Novemba 1988. "Eh! Inanifukuza kazi mbele ya Noeli? Na milango ya kanisa sijamaliza!"

Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Nusu ya wafanyakazi wa misheni wameandikiwa *vers*, na wote wangezaliwa 30 Novemba, mwaka mmoja nyuma. Nilikumbuka nilivyotoa shukrani. Nilifungua daftari, nikaandika kosa la kumi na nne, nikampelekea Mwalimu.

Alilisoma mara mbili. "Bon. Nilizuia namba kubwa tu. Mwezi sifuri, mashine inarudi nyuma mpaka Desemba ya mwaka uliopita. Siku sifuri, inarudi tena, siku moja kabla ya tarehe moja Desemba. Donc 30 Novemba." Akanitazama. "Uliiona leo?"

"Ijumaa, Mwalimu."

"Na hukuandika?"

"Ilinipa siku."

Alikaa kwenye mashine karibu saa nzima. Alipomaliza, mtu asiyejua siku yake aliandika mwaka peke yake, na hesabu ya kustaafu ikasubiri mwisho wa mwaka wa kutimiza hamsini na mitano. Sifuri ilikataliwa. Nikatia wangu.

VERS 1936.

"Pole, pacha," alisema Papa Eugène. "Hiyo 30 Novemba nitakuletea samaki wa makayabu hata hivyo. Miye nitakuwa bado kazini, kwa sababu yako."

Niliweka alama ya vema mbele ya kosa la kumi na nne. Zilibaki dakika chache kabla ya sala ya kufunga darasa. Nikafikiri: Mwalimu amezuia sifuri. Je, chini ya sifuri? Nikatia siku hasi moja, mwezi wa kwanza, 1936.

Ikakubali, ikaanza kunipa siku nyingine. LUNDI 30 DÉC...

Nikamwita Mwalimu kabla sijausoma mstari mpaka mwisho.