Mama Mkwe Alipopimwa na Kamati ya Mabasi

Mama mkwe wangu ana meza ya vifungo sokoni. Vifungo, zipu, nyuzi, sindano, lastiki ya sketi, basi, na hajawahi kutamani kuuza kitu kingine. Mafundi cherehani wote wa mji huu wanamjua, na hata mimi alinipatia hapo hapo. Nilikwenda kununua zipu, akaniangalia jinsi ninavyochagua, akaamua kwamba nitamfaa mwanawe. Mwanawe alijulishwa baadaye.

Kwa hiyo kampuni ya mabasi ilipokitoa kituo cha mtaani kwetu mbele ya bucha na kukipeleka juu kabisa ya mlima, karibu na kituo cha mafuta, mimi binafsi haikuniondolea kitu. Mimi nashonea nyumbani. Iliniletea mama mkwe. Magoti yake yaligoma siku nyingi, hata ngazi za mlango wa nyuma anazishuka ubavuubavu. Pikipiki hapandi, anasema hawezi kumkumbatia mwanamume asiyemjua asubuhi yote hiyo. Mlima aliujaribu kwa siku chache, kisha akaketi. Na pa kuketi alipachagua mwenyewe, kwenye kiti kilicho pembeni ya cherehani yangu.

"Huo mshono umekwenda upande," ananiambia.

"Ndivyo mteja anavyotaka, mama."

"Mteja anataka kwenda upande?"

Jikoni ndiyo usiseme. Nikikata vitunguu vikubwa, nina haraka ya wapi. Nikikata vidogo, nani kaniambia humu ndani kuna vibogoyo. Nikimlalamikia mume wangu ananijibu, "Mama ni mama," kisha anakwenda zake kazini, ambako mama hayupo.

Lakini kelele zake nilizizoea. Kilichonitia hofu ni ukimya. Msimamizi wa soko alimtumia ujumbe kwamba meza isiyo na mtu hadi mwezi unakwisha atapewa mwingine. Tangu siku hiyo akaacha kunikosoa. Nilishona shati, mfuko nikaupinda kwa makusudi, mpaka ukawa kama unakimbilia kwapani. Akautazama, akageuza uso dirishani. Hapo nikajua tumekwisha.

Ndipo nikajiunga na Kamati ya Ushauri ya Abiria.

Kamati hiyo kampuni iliiunda yenyewe ili wananchi tutoe maoni, na maoni tulitoa. Tulikutana katika chumba cha nyuma cha ofisi ya mtaa, tukizungukwa na viti vibovu vinavyosubiri fundi tangu enzi za kiongozi aliyepita. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu, mtu ambaye hafungui kikao mpaka wote tumekaa wima. Vikao viwili vizima alivitumia kutaka tuelewane kama mtu anayesubiri basi ni abiria, au bado ni mtembea kwa miguu aliyesimama. Muuza nyama alitaka kituo kirudi mbele ya bucha yake, na hakuona haya kutuambia sababu. Mtu akisubiri basi huku anatazama nyama, moyo wake hulainika.

Kampuni ilituletea Afisa, kijana nadhifu, shati limenyooka, sauti ya upole. Kila ulichomwambia alijibu, "Maoni yamepokelewa." Basi limechelewa, yamepokelewa. Dereva katukana, yamepokelewa. Siku moja muuza nyama alimwambia kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Yakapokelewa, na hakuinama.

Siku tuliyofika kwenye ajenda ya kituo, Afisa alitueleza kwamba mlima ulikwishapimwa kwa kompyuta, na mtu wa kawaida anaupanda bila taabu.

"Mtu wa kawaida ni nani?" akauliza Mwalimu Mkuu, akivua miwani.

Nikaona kikao kingine hicho kinaondoka. Nikasimama kabla hajaipangusa. Nikasema mama mkwe wangu ni mtu wa kawaida, amepanda mabasi yao tangu yakiwa na rangi nyingine, na kama kompyuta haina magoti basi waje wamwone mwenye magoti. Tutembee naye wote, kutoka bucha mpaka juu.

Afisa akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akasema sentensi nyingine. "Nikiona kwa macho yangu kwamba mzee anateseka, nitakirudisha kituo kwa majaribio. Mamlaka hayo ninayo."

Muuza nyama alipiga meza kwa furaha, na kiti chake kibovu kikajiunga na vile vya pembeni.

Nyumbani nikampa mama mkwe habari. "Huna la kufanya, mama. Utembee tu, wakuone unavyopata shida."

"Sawa," akasema.

Miaka yote hiyo naishi naye, na ile "sawa" haikunishtua. Ningejua ningeifuta safari.

Asubuhi ya siku yenyewe akatoka chumbani amevaa gauni alilovaa kwenye harusi yangu, pochi kwapani, viatu vya kisigino. Alinukia manukato mpaka cherehani ikapiga chafya, au labda ni mimi.

"Mama, hivyo viatu..."

"Wageni wanakuja kuniona. Unataka nitoke na ndala?"

Kamati ilikuwa imejipanga mbele ya bucha. Afisa akamsogelea, akainama kidogo, akasema kwa ile sauti kubwa wanayosemeshwa viziwi, "Shikamoo, bibi. Pole sana na miguu. Usiogope, bibi, tutakushika mkono."

Mama mkwe akamkagua kuanzia kamba za viatu mpaka utosini.

"Marahaba," akasema. "Nani anaogopa?"

Akaanza kupanda. Sijui nisemeje. Nimemwona mama huyu akitumia muda wa kuchemsha chai kutoka kitandani mpaka mlangoni, na sasa alikuwa anachapa mwendo kama aliyesikia sokoni kuna moto. Nikamfuata nyuma nikimnong'oneza, "Polepole, mama, kumbuka magoti."

"Magoti gani?" akajibu, kwa sauti ya kusikika na watu wote.

Mwalimu Mkuu aliishia kwenye ukuta wa kinyozi, tukamwacha ameuegemea. Muuza nyama, na mabuti yake ya mpira, alikuwa anapumua kwa mdomo. Afisa ilibidi akimbie kidogo. Tulipofika juu, mama mkwe alikuwa amesimama chini ya kibao cha kituo, mkono kiunoni, akituuliza tulichelewa wapi.

"Kwa kweli nimefurahi sana," alisema Afisa, akijifuta jasho. "Bibi amenishinda hata mimi. Kituo kinabaki hapa hapa."

Muuza nyama alinitazama kama niliyemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Basi la saa hiyo likaondoka na Afisa. Mama mkwe alisubiri lipotee kwenye kona, kisha akaniambia kwa sauti ndogo sana, "Nishike." Nikamshika, na uzito wote ukanijia mimi. Hakuweza kuinua mguu hata mmoja. Muuza nyama, pamoja na hasira zake, alishuka akaleta toroli lake la kusombea nyama, akalitandika magunia. Mama mkwe alikubali kupanda kwa sharti moja tu, asionekane. Akajilaza, akajifunika kanga yangu gubigubi, tukaushuka mlima. Wapita njia walidhani ni nusu ng'ombe, na mama mmoja aliuliza kama kuna maini.

Nyumbani nilimtia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Vidole vimevimba, kisigino kimechubuka. Na mimi nilikuwa nimefura pia.

"Mama, umetumaliza. Kituo kilikuwa mkononi. Nilikuomba kitu kimoja tu, utembee kama unavyotembea."

Akaisugua miguu polepole, mpaka maji yakaanza kupoa.

"Yule kijana aliniambia pole," akasema.

"Ni heshima, mama."

"Nimekaa sokoni tangu mumeo yuko tumboni. Hakuna aliyewahi kuniambia pole. Wananiambia punguza bei." Akatazama miguu yake kwenye maji. "Nikipanda huku nalia mbele yao, ndiyo tayari nimeshakuwa mgonjwa. Na mgonjwa nani atamwachia meza?"

Nilikuwa na maneno mengi bado, yote makali. Nikaenda kuongeza maji ya moto.

Kikao kilichofuata kiliangukia siku ya mwisho ya mwezi. Mwalimu Mkuu alifungua kwa kusema kwamba suala la kituo limefungwa kwa ushahidi wa macho. Afisa akatikisa kichwa kukubali. Hapo tukasikia gurudumu linalia nje, mlango ukafunguliwa, na muuza nyama, ambaye tulidhani amesusa, akaingia akisukuma toroli. Ndani yake alikuwa ameketi mama mkwe wangu, wima, uso wazi. Alikuwa amevaa ndala.

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuwa ameniambia neno.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Wewe si mjumbe," alisema Mwalimu Mkuu. Kisha desturi yake ikamshinda. "Ila je, wewe ni abiria?"

"Nilikuwa."

"Endelea."

Akashuka, akashika meza. "Siku ile niliwadanganya. Mdomo haukusema uongo, miguu ndiyo iliyosema. Mlipoondoka nilibebwa na hili toroli kama nyama, muulizeni mwenye toroli. Sasa twende tena. Nitapanda kama ninavyopanda nikiwa peke yangu. Nyinyi mtakaa nyuma yangu, na sitaki kusikia pole ya mtu yeyote."

Mwalimu Mkuu akaangalia ajenda, akaangalia zile ndala, akaahirisha kikao.

Tulipanda. Mbele ya duka la kwanza akakaa kwenye ngazi. Hakuomba ruhusa wala hakutoa maelezo, alikaa mpaka alipoweza kuinuka. Akafika kwa kinyozi, akakaa kwenye ukuta. Mwalimu Mkuu akakaa karibu yake kwa kasi ambayo haikuwa ya huruma.

"Hata mimi," akasema, akitazama barabara. "Tangu wakihamishe, sijakwenda mjini. Watu nawaambia nimebanwa na shughuli za kamati."

"Na mimi nilidhani umebanwa kweli," alisema mama mkwe, akamsogezea nafasi.

Kwa fundi wa pancha kulikuwa na tairi kuukuu lililolazwa chini. Mama mkwe akalikalia. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mabasi yalitupita yakipanda, yakatupita tena yakishuka, na madereva walitupungia kwa mashaka. Afisa alikuwa amesimama wakati wote huo akitazama saa yake, mwisho akautia mkono mfukoni pamoja na saa, akakaa kwenye ukingo wa tairi na suruali yake ya kunyooshwa.

Kipande cha mwisho ndicho kibaya. Hakuna duka, hakuna ukuta, ni mwinuko mtupu mpaka juu. Mama mkwe alifika katikati akasimama, akashika nguzo ya umeme kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Machozi yakamtoka mbele ya watu, naye akayaacha yatoke, hakuyafuta. Afisa akafungua mdomo. Muuza nyama akamkanyaga mguu kwa buti, akaufunga.

Tulisimama hivyo, kamati nzima, kwenye jua. Mimi nilikuwa nyuma yake na mikono yangu ilikuwa inawasha kwa kutaka kumshika, nikaifunga kifuani. Kisha akaiachia nguzo, akaendelea.

Juu, Afisa hakutafuta maneno. "Kituo cha chini kinarudi kwa majaribio," akasema. "Kuanzia Jumatatu. Nitakuja mwenyewe kukisimika kile kibao."

Muuza nyama akamkumbatia, na shati likapata alama. Mwalimu Mkuu akataka jambo hilo liungwe mkono rasmi, tukaliunga mkono pale pale barabarani. Mimi nilikuwa naruka kama msichana.

"Jumatatu ni mwezi mwingine," alisema mama mkwe.

Furaha yetu ikakatika. Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya msimamizi wa soko. Ila basi lilikuwa limesimama pale, mlango wazi, dereva akisubiri tumalize kukumbatiana. Mama mkwe akashika chuma cha mlangoni, akajivuta ndani, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Mama, unakwenda wapi? Huna hata kifungo kimoja."

"Viko chini ya meza, kwenye sanduku. Nilikosekana mimi tu."

Akakaa kiti cha dirishani, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaitengeneza kichwani vizuri kama mtu anayekwenda kazini. Nilisimama pale chini ya dirisha nikilia bila aibu, mimi niliyeomba kwa miezi mama huyu aniondokee nyumbani. Basi likanguruma. Akafungua kioo, akanitazama, nikafikiri sasa atanishukuru.

"Maharage motoni umeyaacha na nani?"

Sikuwa nimeyaacha na mtu. Nikaushuka mlima mbio, kanga mkononi, na kamati nzima ikanipisha.