Nyuzi Tisini na Saba

Kipoozi cha kompyuta kilipofika nilikipakata kama mtoto mchanga, na sioni aibu kusema. Kilikuwa pande zima: mapezi ya bati yamepangwa kama kurasa, mirija ya shaba imepenya katikati, feni mbili, na uzito wa kuku wa sikukuu. Mume wangu, Bun-hiong, alipokiona akaangua kicheko.

"We Siok-lian, umenunua kipoozi au injini ya pikipiki?"

"Nipe bisibisi, punguza domo."

Haraka ilikuwa na sababu. Jioni hiyo ilikuwa sikukuu ya hekalu la mtaani kwetu hapa Lukang, na mama mkwe wangu, Mama Kim-chi, ndiye aliyekuwa akimchezea mungu vikaragosi tangu mimi sijaolewa. Kikaragosi cha mkononi huishi kwa vidole, na vidole vya mkono wake wa kulia vimekakamaa kwa baridi yabisi. Basi tulimpiga picha za filamu akicheza mchezo wake wa mwisho, akiuma meno kwa maumivu, ili uonyeshwe ukutani mwa hekalu. Wazee wa hekalu walikubali shingo upande. Filamu ikichelewa, nafasi anapewa jamaa mmoja anayechezesha vikaragosi juu ya lori la spika na taa, na nafasi ya hekaluni ikishatoka mkononi hairudi.

Kikwazo kilikuwa kompyuta yetu. Kila nilipoipika filamu, maana ndivyo tunavyosema sisi wahariri tukiziunganisha picha zote ziwe kitu kimoja, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilipata homa na kompyuta ikajizima. Ndiyo maana nikaagiza lile pande.

Tukaing'oa feni ya zamani, ndogo kama kisahani cha chai. Nikapangusa prosesa mpaka ikang'aa, nikaweka tone la pesti ya kijivu ya kupitishia joto, kama punje ya dengu. Bun-hiong akabandua karatasi ya nailoni chini ya kipoozi, akaibandika kwenye mkono wake iwe ushahidi, nisije nikamlaumu baadaye kwamba aliisahau. Ananijua. Tulipokishusha kikakataa kukaa.

"Kinagonga vijiti vya RAM," nikasema. Nilitaka kulia.

"Kigeuze, feni zipulize juu. Kwani joto lenyewe si hupenda kupanda?"

Dakika ile nilimpenda kuliko siku ya harusi. Tukakigeuza, kikakaa. Nikakaza skrubu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na ubavu wa kasha tukaufunga kwa kuusukuma na goti.

Tulipokuwa tumeinama kwenye nyaya, Mama Kim-chi akaja kurudisha pakiti yake juu ya kasha. Kwetu kila mashine, hata za benki, ina pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi juu yake ili itulie. Iwe ya kijani tu, kama taa ya ruhusa, na ole wake atakayeila. Ya Mama hukaa juu ya kitambaa chekundu alichokidarizi mwenyewe.

"Tulia, mtoto," akaiambia kompyuta, akarudi jikoni.

Nikawasha. Nyuzi thelathini na nane. Nikaanza kuipika filamu, na feni zikavuma kwa upole. Hamsini na tano. Sitini na mbili. Bun-hiong akaanza kucheza sebuleni, makalio nje, kama simba wa gwaride. Sabini. Themanini. Akaacha kucheza. Tisini na saba.

Nikasimamisha kazi kabla haijajizima.

"Pesti," akasema Bun-hiong.

"Nailoni," nikasema mimi. Akaninyooshea mkono wake, nailoni hiyo hapo.

Tukafungua tena. Pesti ilikuwa imetandaa vizuri kabisa, hata fundi wa kiwandani angeisifu. Tukapangusa, tukapaka upya, tukafunga. Mama alipita akatutazama, akaona mambo mazito, akaongeza pakiti mbili. Nikawasha, na safari hii zile tisini na saba zikafika mapema zaidi.

Nikasimamisha, nikaegemea kasha kwa viganja, nimeishiwa. Hapo ndipo kiganja changu kikaiona ajabu. Pakiti zilikuwa za moto. Zilikuwa zimevimba, zimekaza kama ngoma, na chini yake kitambaa chekundu kimeziba matundu yote ya juu ya kasha, ambako sasa tulikuwa tukipulizia joto lote. Kikulacho ki nguoni mwako. Vitu vile vimekaa pale miaka na miaka, macho yetu yalishaacha kuviona.

"Mama," nikaita kwa adabu zote, "pakiti zinaiziba pumzi."

"Pakiti haijawahi kumziba mtu hapa."

"Zamani feni ilipuliza pembeni, Mama. Leo inapuliza juu."

"Basi igeuzeni."

Nikamtazama Bun-hiong anisaidie. Akawa anachunguza dari, mwoga mkubwa.

"Kilichowekwa kwa maombi hakiondolewi kwa bisibisi," Mama akasema. "Aulizwe mwenyewe."

Mwenyewe ni Jemadari Tian, mlezi wa wachezaji wote, sanamu ndogo iliyo kwenye madhabahu ya sebuleni kwetu, uso mweusi kwa moshi wa udi. Mama akatwaa vibao viwili vyekundu vya kumuulizia, akapiga magoti ili avirushe sakafuni. Kimoja chali kimoja kifudifudi, amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka.

"Jemadari, tuziondoe?"

Vyote kifudifudi.

"Tuziondoe kwa muda tu?"

Vyote chali.

"Anatucheka," Bun-hiong akanong'ona.

"Hata mimi ningekucheka," nikamwambia.

Jua lilishaanza kuingia kwa mlango wa magharibi. Nilikuwa na hasira, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Mama, tunamuuliza vibaya. Nani anapenda kuondolewa? Muulize kama atakubali kukaa nazo yeye, pale pa heshima, aitazame kazi kutoka huko."

Nikadhani nimemkosea. Lakini Mama Kim-chi akavikusanya vibao kwa mkono wa kushoto.

"Jemadari, uzishike wewe?"

Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena, ikawa vilevile. Na ya tatu vilevile.

Akazibeba pakiti moja moja, akazipanga miguuni pa Jemadari juu ya kile kitambaa chekundu. Nikawasha. Sitini. Sitini na sita. Sabini na moja. Tukasubiri. Sabini na moja. Joto lilipanda kutoka matundu ya juu likapeperusha nywele za Bun-hiong, naye akaninyanyua juu mpaka nikagonga taa. Sabini na moja hadi filamu ikaiva.

Tulifika hekaluni mbio mbio, kompyuta juu ya toroli la samaki. Uwanja ulijaa. Katikati ya mchezo, mmoja wa wale wazee wagumu akaja kuniinamia sikioni, akaomba nakala ya kubaki hekaluni, kwa ajili ya mwakani na mwaka utakaofuata. Mwakani! Nikaanza kuipika palepale huku filamu inaendelea, feni zikavuma.

Mama alikuwa amewekewa kiti cha mbele, lakini hakuwa kitini. Nikamtafuta, nikamkuta nyuma yangu, amechuchumaa kando ya kompyuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya matundu, kwenye ile pumzi ya moto. Vidole vilikuwa vimekunjuka. Cha shahada kikainama, na ukutani shujaa akainamisha kichwa. Gumba likainuka, na ukutani upanga ukainuka.

"Mama," nikamwambia, "njoo ukae mbele, wanakusubiri."

"Usinisemeshe," akajibu, macho ukutani. "Niko jukwaani."