Salamu za Kitanda Namba Saba

Kabla watu hawajakatazwa kukusanyika, Kipaza hakuwa na Jumamosi yake mwenyewe. Kila Jumamosi ilikuwa ya harusi ya mtu. Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na jina ndiko lilikotoka. Aliwapatanisha wakwe walionuniana, akawachezesha mashangazi wenye magoti mabovu, akammwagia bwana harusi sifa ambazo hata mama aliyemzaa alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza. Alitia chumvi, ndiyo, na watu walimwita kwa ajili ya chumvi hiyohiyo. Nani aliwahi kwenda harusini kutafuta ukweli?

Kisha ugonjwa ukaingia, kumbi zikafungwa, suti zake tatu zikabaki zinaning'inia nyuma ya mlango na kula vumbi. Miezi minne Kipaza alishinda nyumbani akimsherehesha mkewe, hadi siku moja mkewe akamwambia, "Baba watoto, hapa hakuna harusi. Punguza sauti."

Kazi ya hospitali aliipata kwa sauti hiyo iliyomchosha mkewe. Ndugu walikuwa wamepigwa marufuku kuingia wodini, nao wangefanyaje? Wakawa wanapiga simu kutwa nzima, wauguzi wasijue wamhudumie mgonjwa au wamjibu shemeji yake. Ikaamuliwa atafutwe mtu wa kuwapigia. Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye kila mtu alimwita Sista, alikuwa amemsikia Kipaza kwenye harusi ya mpwa wake. Akasema huyo ana sauti ya kumlaza hata mtoto mwenye homa, mleteni. Wakampa kichumba kilichokuwa stoo ya mashuka, meza, simu na barakoa mbili za kitambaa, moja ya kuvaa na moja ya kufua.

Kati ya kichumba chake na wodi palikuwa na mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, na Kipaza hakuruhusiwa kuuvuka. Wagonjwa hakuwahi kuwaona. Kila siku saa nane mchana Sista, akiwa amejifunika kuanzia utosini hadi unyayoni, alimrushia karatasi kutoka upande wa pili. Karatasi ilikuwa na namba ya kitanda, jina na simu ya ndugu wa karibu, kisha neno moja au mawili. Afadhali. Vilevile. Si nzuri. Sista hakuwa na muda wa kuandika insha.

Siku mbili za mwanzo Kipaza alisoma kama ilivyoandikwa. "Hali yake ni vilevile." Upande wa pili swali likawa lilelile: "Vilevile ndiyo vipi?" Mtu anakata simu analia, naye anabaki anaikodolea macho karatasi kama aliyeiba kitu.

Siku ya tatu akaongeza kidogo. Mwanamume mmoja aliuliza habari za mkewe, na Kipaza akajibu, "Vilevile, lakini leo amekunywa chai." Akamsikia yule bwana anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Chai tu! Kesho yake ikawa chai na mkate. Keshokutwa wagonjwa wakaanza kutabasamu, kuulizia watoto, kutaka kujua kama mvua imenyesha. Kipaza alikuwa amerudi kwenye kazi yake.

Tusimwonee. Huruma alikuwa nayo, tena ya kweli. Ila huruma yake ilikuwa na uvivu ndani yake. Kumfurahisha mtu kulimchukua nusu dakika, na kukaa na mtu kwenye simu akiwa hana raha kungemchukua mchana mzima. Akachagua la nusu dakika, na kila mtu akamsifu.

Ndipo akaletwa mzee wa kitanda namba saba. Aliletwa asubuhi, hana fahamu, akatiwa mpira kooni na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Karatasi ikasema: Vilevile, mashine. Kipaza akapiga, ikapokelewa na mama mwenye sauti ndogo, ya mtu asiyezoea kuongea na wageni.

"Mama, mzee anaendelea," akasema. "Na leo amekusalimia."

Kipaza akasikia kitu kinaanguka upande wa pili.

"Amenisalimia? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake mwenyewe, mama."

Yule mama akaangua kilio, na katikati ya kilio akacheka. Kipaza alikuwa ameshazoea vilio vya simu. Akakiweka hicho upande wa furaha, wala hakukosea.

Tangu siku hiyo namba saba ndiyo simu aliyoingojea. Yule mama alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Hakuuliza homa, hakuuliza dawa. Aliuliza jambo moja tu: "Leo amesemaje?" Na Kipaza akampa. Amesema mfunge vizuri mlango wa nyuma. Amesema msihangaike. Amekutaja kwa jina. Kila neno yule mama alilirudia kwa sauti kwa waliokuwa naye nyumbani, na Kipaza akasikia nyuma yake watu wanashangilia na kupiga makofi. Miezi minne alikuwa na kiu ya makofi. Nani angemwambia aache?

Sista alimwambia. Siku moja alipita akamsikia, akasimama kwenye mstari mwekundu.

"Kipaza, nani amekunywa chai? Watu wangu wana mipira kooni."

"Nawapa moyo tu, Sista."

"Wape nilichoandika. Moyo nitawapa mimi nikiweza."

Akaitwa wodini, akaondoka mbio. Kipaza alisoma karatasi kama ilivyo kwa siku mbili, akashindwa. Yule mama alikuwa anauliza, "Kwani leo hakusema kitu?" kwa unyonge ambao hata mawe yasingeuvumilia. Siku ya tatu mzee wa namba saba akaanza kusema tena.

Siku ya tisa karatasi ilikuja na mstari uliopigiwa mistari miwili chini yake. Namba saba: Si nzuri. Hafiki kesho. Mkewe aagane naye kabla ya saa kumi, tutamwekea simu sikioni.

Huo ulikuwa utaratibu wa Sista mwenyewe. Hakuna aliyejua kama wagonjwa wa mashine wanasikia au hawasikii. Hata hivyo alichukua simu ya wodi, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaishika sikioni mwa mgonjwa, na ndugu huko aliko akasema alilonalo. Wengine walisali. Mmoja aliomba radhi ya jambo la miaka thelathini. Sista alisema wakishamaliza huwa wanakata simu wakiwa watu wengine.

Kipaza akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika kumi. Akapiga.

"Mama, leo kuna nafasi ya kuzungumza na mzee. Wauguzi watamwekea simu sikioni. Mwambie chochote ulichonacho moyoni."

"Atanijibu?"

"Leo amechoka kidogo. Atasikiliza tu."

"Basi mwacheni apumzike," yule mama akasema. "Mwanangu, ngoja nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Mwaka wa sita huu mume wangu hajatamka neno. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Tumezunguka kwa madaktari mpaka tukachoka, wakatuambia tuzoee. Siku ile uliponiambia amenisalimia, nilipiga magoti palepale jikoni. Nikasema, jamani, ugonjwa huu umewaliza wenzangu wote, mimi umenirudishia ulimi wa mume wangu. Sasa nimsemeshe kwenye simu akiwa hoi? Namngoja arudi. Nina maneno ya miaka sita, tutaongea mpaka tukauke makoo."

Kipaza akatazama tena saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na robo, na muda ulikuwepo. Alichotakiwa kusema hakikufika hata sentensi mbili: mama, nilitunga, muage mumeo. Mtu aliyewahi kuongea saa sita mfululizo bila maji alishindwa na maneno manne. Aliona aibu, aliogopa kazi, aliogopa kelele ambazo yule mama angepiga. Kubwa kuliko yote, hakutaka kuwa yeye wa kuizima ile furaha, na akajiambia huo ni utu. Ulikuwa woga, si kitu kingine.

"Mama..."

"Naam, mwanangu."

"Ingekuwa vizuri uongee naye leo. Huwezi kujua."

"Kwani kuna nini? Mbona sauti yako imebadilika?"

"Hapana, mama. Ni barakoa."

"Haya. Basi mpe salamu zangu. Mwambie asijichoshe kwa kuongea ongea."

"Nitamfikishia," akasema Kipaza, akakata simu.

Saa kumi kasoro Sista akatokea kwenye mstari na simu yake ndani ya nailoni. "Yuko wapi mke wa saba?"

"Amesema mzee apumzike."

"Umemweleza lakini? Ameelewa?"

"Nimemweleza."

Sista alimtazama kupitia ile miwani iliyojaa mvuke. Kisha kengele ikalia wodini, akageuka akaondoka. Mzee wa kitanda namba saba alikufa saa kumi na moja na nusu jioni. Simu ile iliyofungwa kwenye nailoni ilikuwa sikioni mwa mgonjwa mwingine.

Habari hiyo Kipaza aliisoma kama ilivyoandikwa, hakuongeza hata herufi. Yule mama alisema, "Haya," mara moja tu. Kisha simu ikaanguka, na Kipaza akasikia viti vinaburutwa na watu wanakimbia, mpaka mtu mmoja akaja kuizima.

Siku ya nne yule mama akaja mwenyewe kuchukua vitu vya marehemu. Mlinzi wa geti akamfuata Kipaza stoo: kuna mama anamtaka kijana wa simu, hataki mtu mwingine. Kipaza alifikiria kujitia mgonjwa. Alifikiria kutokea mlango wa jikoni. Mwishoni akatoka, akamkuta mbele ya foleni, amesimama kwenye duara la chokaa, moja ya yale waliyochorewa wageni ili wasisogeleane. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, barakoa ya kitambaa cheusi usoni, mkononi kafumbata mfuko wa plastiki uliozungushiwa gundi na kuandikwa namba saba kwa kalamu nene.

"Pole sana, mama."

Alipoisikia ile sauti macho yakamjaa machozi. "Ni wewe. Nimekuja kukushukuru, mwanangu. Majirani wanasema hapa wakiuliza habari wanajibiwa kama wameomba figo. Mimi nilipata mtu."

Kipaza akatazama viatu vyake.

"Nina swali moja tu, halafu nisikupotezee muda," yule mama akaendelea. "Sauti yake ilikuwaje? Ilikuwa ileile ya zamani au ilibadilika? Watoto wananiuliza, nami ya zamani imeanza kunitoka. Nilidhani nitaisikia mwenyewe, ndiyo maana sikukuuliza mapema."

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nzito kidogo, mama, lakini tamu. Lingemtoka bila kutafutwa, na yule mama angekwenda nalo nyumbani akalitunze maisha yake yote. Kipaza alilimeza. Kwa nini alilimeza siku ile na si siku nne kabla, lilipokuwa na faida, hilo mwulizeni yeye.

"Hakusema, mama," akasema. "Hakusema hata siku moja. Aliletwa hana fahamu na hakuamka. Yale yote niliyatunga mimi. Na siku ile ya kumwekea simu, walitaka umuage. Nilijua, nikashindwa kukwambia."

Alijiandaa kwa kofi. Alijiandaa kwa yowe litakalomtoa Sista wodini na mkurugenzi ofisini. Yule mama hakupiga yowe. Aliuhamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Hakunisalimia?"

"Hapana."

"Na mlango wa nyuma?"

"Hapana, mama."

"Jina langu alilijua. Ulinitajia jina langu."

"Nililisoma kwenye karatasi."

 Nyuma ya yule mama foleni ilisogea duara moja, mtu akakohoa na wenzake wote wakageuka kumtazama. Kisha yule mama akainua macho. Kipaza hakuona hasira ndani yake, na hilo likamtisha kuliko kofi. Aliona kitu ambacho alikuwa anakisikia kwenye simu kila siku baada ya saa nane, pale alipokuwa anaulizwa leo amesemaje.

Yule mama akatoka kwenye duara lake akamsogelea, mlinzi akimkataza.

"Sanduku hawakutufungulia," akasema kwa sauti ya chini. "Tulisimama mbali, nyuma ya kamba. Waliozika walikuwa wamejifunika, hatukuwaona hata macho. Hakuna mtu wa kwangu aliyeuona uso wake. Kwamba amekufa, nilisikia kwako wewe. Kwako tu."

"Ndiyo, mama. Lakini..."

Akamshika mkono, barakoa yake ikipanda na kushuka kwa pumzi.

"Basi niambie na hilo ulilitunga, mwanangu. Sitakasirika."