Kapteni Aliyeshuka Kilima

Luteni Luqman alikiweka kitabu mkekani kwa mikono miwili. Jalada lilikuwa limebanduka, kurasa zimevimba kwa mvua ya huko vitani. Mbwana alikitambua hata kabla hajavaa miwani. Ilikuwa riwaya yake mwenyewe, ya pekee aliyoiandika tangu aache jeshi, na kwa miaka ishirini watu walikuwa wakimfuata nayo mpaka hapa Msambweni. Jamani, mtu huchoka hata kusifiwa.

"Nimehamishiwa chuoni, mzee," Luqman alisema. "Nitawafunza maofisa wapya, na nataka kila mmoja akisome. Niandikie humu neno moja kuhusu yule kapteni aliyekataa kuondoka kilimani."

Mbwana alishika kalamu, kisha akaiweka chini. "Wewe mwenyewe kilikufaa?"

Luqman aliutazama mguu wake wa kushoto, ambao haukunjiki tena. "Tulishambuliwa alfajiri. Njia ya kurudi nyuma ilikuwa wazi mpaka adhuhuri, na vijana wakaniomba tuondoke. Nikawaambia, kilima hakihami." Aliupapasa mguu. "Niliwazika watano. Lakini nilisimama, mzee. Kama yeye."

Mbwana alikisogeza kitabu kando. Maneno yale aliyatunga yeye, jikoni, akingoja chai ichemke. Kapteni wa kweli hakuyatamka. Kapteni wa kweli aliitwa Harrison, naye alisema, "Bebeni majeruhi, tunashuka," na watu thelathini na mmoja wakashuka wakiwa hai, Mbwana akiwa mmoja wao. Kwa kosa hilo Harrison akavuliwa cheo. Mbwana alipoketi kuandika alimwonea haya kamanda wake, akampandisha tena kilimani na kumwacha huko. Alidhani anamstiri. Kisha watu wakampenda kapteni yule, na mwandishi naye akapenda kupendwa. Tuliseme na hilo, tusifichane.

Angeweza kutia sahihi tu. Mgeni angeondoka ameridhika, na kapteni wa kubuni angeingia chuoni kuwafunza watoto wa watu kufa.

"Vaa viatu, mwanangu," alisema. "Twende Galu."

Ndani ya teksi alimweleza yote. Luqman alilishika goti lake mpaka walipofika.

Kwenye lango la hoteli alisimama bawabu mwenye mvi, shati la sare likimpwaya mabegani. Ilikuwa safari ya teksi moja tu, na kwa miaka tisa ambayo kapteni wake alilinda lango hilo, Mbwana hakuwahi kuifunga.

"Mbwana," Harrison alisema. "Umezeeka. Na huyu?"

"Ni luteni. Amekisoma kitabu changu. Nimemwambia ukweli."

"Hata mimi nimekisoma. Mara tatu." Harrison aliinamisha macho. "Yule kapteni wako ni mwanamume kweli. Kuna siku natamani ningekuwa yeye."

Mbwana alikosa pa kuuficha uso. Miaka yote alijua kwamba amewadanganya wasomaji. Hakujua kwamba alikuwa amemwibia heshima yake hata huyu, aliyewarudisha wote kwa mama zao.

"Usitamani, afande," Luqman alisema polepole. "Mimi nilikuwa yeye."

Harrison aliutazama ule mguu. Nyuma yao gari lilipiga honi, likitaka kupita, na kazi ni kazi. Alilifungulia, akarudi, akawasogezea daftari la wageni.

"Andikeni. Jina, saa mliyoingia, na mnayekuja kumwona."

Luqman aliichukua kalamu. Aliliruka jina lake, akairuka saa, akaanzia safu ya mwisho, kwa herufi kubwa: KAPTENI HARRISON. Bawabu alisoma, akaliweka sawa shati mabegani.

Kisha luteni alimgeukia Mbwana, akamnyooshea kalamu.

"Nawe, mzee," alisema. "Andika."